Nilitafuta Kahawa Katika Nchi ya Kahawa

Wahenga walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Maana ya methali hiyo niliipata nchini Uganda, nilipouvuka mpaka wa Busia kwa baiskeli kuelekea Jinja, safari ya zaidi ya kilomita 100. Mpaka huo wenyewe una historia ya baiskeli. Katika miaka ya 1960 vijana walibeba abiria kutoka upande mmoja hadi wa pili wakinadi “boda-boda”, jina ambalo pikipiki zimelirithi.

Chakula hakikunipa taabu. Karibu kila kituo palikuwa na kijana na kikaango chake, akikaanga mayai yenye vitunguu, nyanya na kabichi, kisha akiyaviringisha ndani ya chapati. Waganda hukiita rolex, na chapati moja ya namna hiyo humsukuma mwendesha baiskeli mwendo mrefu. Zaidi ya hayo, palikuwa na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma.

Taabu ilikuwa kahawa. Katika hoteli moja baada ya Iganga nilimwambia mwenyeji, “Mama, naomba kahawa.”

“Kahawa haipo, mwanangu. Ipo chai.”

Niliposisitiza, aliniletea maji moto na kopo la unga wa kahawa uliosagwa ng'ambo. Hatua chache kutoka mlangoni, buni ilikuwa imeanikwa juani juu ya turubai!

Wala si kwamba kahawa ni ngeni huko. Robusta humea yenyewe katika misitu ya Uganda, na Waganda tangu kale walitafuna buni iliyochemshwa na kukaushwa, wakamkaribishia mgeni, hata wakaitumia katika kufunga undugu wa damu. Biashara ya kikoloni ndiyo iliyomfundisha mkulima kuwa zao hilo ni la kuuzwa mbali, si la kunywewa nyumbani.

Hata hivyo, nyani haoni kundule. Hapa Kenya, serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kupanda kahawa hadi miaka ya 1930, na hata baada ya hapo ilimruhusu kwa masharti. Leo tunaipanda, lakini sehemu kubwa twaisafirisha nje, nasi twarudi kwenye chai yetu. Ni pwani tu, Mombasa na Lamu, ambako muuza kahawa na dele lake la shaba bado ni sehemu ya jioni, kikombe kidogo kikisindikizwa na kashata au haluwa.

Mkulima asiyejua ladha ya zao lake atawezaje kubishana na mnunuzi juu ya ubora na bei? Akiambiwa buni yake ni duni, ataitikia tu.

Walimu wenzangu katika maeneo ya kahawa, waulizeni wanafunzi wenu ni wangapi wamewahi kuonja kahawa ya shamba la nyumbani kwao. Kikaango, kinu na maji moto vyatosha kuanzia somo hilo. Nami, siku nitakayovuka tena Busia, nitabeba buni yangu iliyokaangwa, nimwombe yule mama maji tu, tunywe pamoja.