Mikro ngapi kwa ngoma za kwaya yetu?

Wamama wapenzi, kwaya inapotaka kurekodi nyimbo zake, waimbaji hawaleti shida kubwa. Shida huletwa na baterie, ile seti ya ngoma na matoazi ambayo mtu mmoja huipiga kwa mikono na miguu. Muuzaji atawaonyesha sanduku lenye mikro saba au nane, moja kwa kila ngoma, na atasema bila hizo hamtapata kitu. Kabla sanduku la akiba halijafunguliwa, tuelewane: mikro tatu zilizowekwa vizuri zinatosha.

Mikro nane zinataka nyaya nane, miguu minane, mikseri yenye matundu manane, na fundi anayejua kuzipatanisha. Fundi asipokuwepo, wingi wake huharibu badala ya kujenga.

Waliotutangulia walirekodi kwa vichache. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alirekodi ngoma za kifalme za Rwanda, kwa jirani zetu. Desturi yake ilikuwa kushika mikro mkononi na kuisogeza palipo na sauti anayoitaka. Rekodi zake zinasikilizwa hadi leo. Glyn Johns wa Uingereza, aliyerekodi Rolling Stones na Led Zeppelin, alijulikana kwa kurekodi baterie kwa mikro tatu au nne tu.

Mkiwa na mikro moja, isimamisheni mbele ya baterie, hatua mbili hivi, kwa urefu wa kichwa cha mpigaji aliyeketi. Matoazi yakizidi, ishusheni. Ngoma kubwa ikizidi, ipandisheni. Kwa ngoma zetu za asili pia, mikro moja mbele ya wapigaji huanza kazi vizuri.

Mkiwa na tatu, fuateni njia ya Johns. Ya kwanza iwe juu ya ngoma ndogo ya katikati, ile yenye nyuzi chini yake, kama mita 1 kwenda juu. Ya pili iwe kuumeni kwa mpigaji, ng'ambo ya ngoma nene ya chini, ikitazama ile ngoma ndogo. Ya tatu iwekwe mbele ya ngoma kubwa ya mguu.

Hapa kuna siri moja. Zile mbili za kwanza lazima ziwe umbali sawa kutoka katikati ya ngoma ndogo. Chukueni kamba, mmoja aishike kwenye ngoma, mwingine aivute hadi mikro ya kwanza, kisha hadi ya pili. Umbali ukitofautiana, pigo moja hufika kwenye mikro hizo kwa nyakati mbili, sauti hupigana, na ngoma husikika nyembamba kama kopo.

Aina ya mikro nayo ina maana. Mikro za dinamiki huvumilia vumbi na mapigo makali, wala hazihitaji umeme wake. Za kondensa hushika matoazi vizuri zaidi, lakini nyingi hudai volti 48 kutoka kwenye mikseri au kinasa sauti. Kwa kuanza, hasa pale umeme unapokatika mara kwa mara, dinamiki ndizo za kutegemea.

Nyumba nayo hurekodiwa. Ukuta mtupu na bati hurudisha sauti. Tundikeni vitenge na mablanketi nyuma ya mpigaji, tandikeni mkeka chini ya baterie, na msirekodi mvua inaponyesha, maana bati litashinda kwaya.

Siku ya kununua, waende wamama wawili pamoja na mpigaji wa kwaya, asiende mtu mmoja. Ulizeni mambo matatu: kinasa sauti kina matundu mangapi ya mikro? Kila mikro itabaki na sauti yake, au zote zitachanganywa palepale zisiweze kutenganishwa tena? Tunaweza kurekodi dakika mbili na kusikiliza kabla ya kulipa? Muuzaji akikataa hilo la tatu, rudini na pesa nyumbani. Pesa ya likelemba imekusanywa kidogo kidogo kutoka kwa kila mama. Itoke baada ya masikio kuridhika.