Nyumba Njema si Mlango

Wazee wetu wana mithali isemayo, Nyumba njema si mlango. Maana yake, mlango wapendeza machoni mwa wapitao, bali wakaao ndani ndio wajuao kama mna raha au mna taabu. Mwezi huu twataka kuwapa habari za watu waliojifunza neno hili kwa uchungu, na jinsi uchungu wao ulivyogeuka kuwa makao kwa watu wengi.

Katika jimbo la Alabama, nchi ya Marekani, alikuwako wakili mmoja, jina lake Millard Fuller, aliyezaliwa mwaka 1935. Kabla hajatimiza miaka 30 alikwisha kupata mali ya dola milioni. Alikuwa na nyumba kubwa, wala hakupungukiwa na kitu, ila mkewe na watoto wake walikuwa hawamwoni. Kazi ilikuwa imemfanya mtumwa. Mwaka 1965 mkewe, Bibi Linda, akaondoka akaenda New York, maana alichoka kukaa na mali pasipo mume. Fuller akamfuata. Huko wakafunguliana mioyo, wakasameheana, wakakata shauri kuuza mali zao na kuwapa maskini, ili waanze maisha mapya.

Hata mwisho wa mwaka huo wakafika Koinonia, shamba lililo karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia. Walidhani watakaa saa mbili tu kuwaamkia rafiki zao. Wakakaa mwezi mzima. Koinonia ni neno la Kiyunani, maana yake ushirika. Shamba hilo lilianzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan pamoja na mkewe Florence na rafiki zao. Jordan alikuwa amesoma ukulima, tena alikuwa mwalimu wa Agano Jipya katika Kiyunani. Katika shamba lake weupe na weusi walifanya kazi pamoja na kula meza moja. Jambo hilo liliwachukiza majirani wengi. Tangu mwaka 1956 wenye maduka wakakataa kuwauzia mbegu na mbolea. Kibanda chao cha kuuzia mazao kikalipuliwa kwa baruti, na nyumba zao zikapigwa risasi usiku. Nao hawakulipiza kisasi, wala hawakuhama.

Mwaka 1968 Fuller na Jordan wakashauriana. Kandokando ya shamba waliona jamaa maskini wakikaa katika vibanda vibovu, visivyozuia mvua wala baridi. Watu hao hawakuwa wavivu. Walifanya kazi mchana kutwa, lakini ujira wao ulikuwa mdogo, na hakuna benki iliyokubali kuwakopesha. Basi wakapima viwanja 42, kila kimoja nusu eka, wakaweka mfuko, wakauita Mfuko wa Ubinadamu.

Sasa tuangalie vema kanuni ya mfuko huo, maana ndiyo kiini cha habari yetu. Nyumba haikutolewa bure. Iliuzwa kwa gharama yake tu, bila faida, na mnunuzi alilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, bila riba. Jordan na Fuller walishika agizo la kitabu cha Kutoka, sura ya 22, likatazalo kumtoza maskini riba. Fedha iliyolipwa ilirudi mfukoni, ikajenga nyumba ya jirani. Hivyo aliyesaidiwa jana akawa msaidizi leo. Tena mwenye nyumba ilimpasa kushika nyundo na kujenga pamoja na wale waliokuja kumsaidia.

Huenda mtu akauliza, Mbona hawakutoa bure? Je, upendo wauzwa? Sisi pia tulijiuliza. Lakini wazee wamesema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayempa mgeni jembe hamfukuzi, bali amfanya kuwa mtu wa nyumbani. Mtu apewaye daima hujifunza kuinamisha kichwa. Mtu alipaye, ijapokuwa senti chache, hukiinua. Nasi tukiri kwamba mara nyingi tumetoa sadaka ili tushukuriwe, tukamwacha ndugu yetu angali mwombaji.

Jordan hakuiona nyumba ya kwanza ikimalizika. Alifariki ghafula tarehe 29 Oktoba 1969, akazikwa shambani katika sanduku la mbao tupu. Lakini kazi haikufa.

Mwaka 1973 Bwana na Bibi Fuller, pamoja na watoto wao wanne, wakaja Afrika, wakakaa miaka mitatu Mbandaka, mji ulio kando ya mto Kongo, karibu na mstari wa Ikweta. Nchi yenyewe siku zile iliitwa Zaire. Huko palikuwa na kiwanja kipana kilichowatenga Wazungu na Waafrika katika siku za ukoloni. Kiliitwa Bokotola, na Fuller ameeleza kwamba maana yake ni mtu asiyewajali wenzake. Mahali hapo pa kutengana wakajenga nyumba za matofali ya saruji kwa kanuni ile ile ya Georgia. Kisha kikapewa jina jipya, Losanganya, yaani mpatanishi.

Waliporudi Americus mwaka 1976 wakaanzisha chama kiitwacho Habitat for Humanity. Katika miaka ya 1980 kazi hiyo ikafika Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1984 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, akaenda New York pamoja na mkewe Rosalynn kutengeneza jengo bovu liwe makao ya jamaa 19. Aliendelea kila mwaka. Hata mwaka 2019, akiwa na miaka 95, alishika zana za useremala huko Nashville, na jicho lake limevimba kwa kuanguka.

Wala tusiwaone watu hao kuwa malaika. Mwaka 2005 palitokea mafarakano, halmashauri ya chama ikamwondoa Fuller katika kazi aliyoianzisha mwenyewe. Mwaka ule ule akaanzisha chama kingine, akaendelea kujenga hata kufa kwake mwaka 2009. Akazikwa Koinonia, shamba lile lile alikokwenda kuamkia watu saa mbili.

Basi, baba na mama wa nyumba, tusingoje mali nyingi. Haba na haba hujaza kibaba. Jumapili mtokapo kanisani, tazameni kama yuko mjane ambaye paa lake lavuja. Msimpelekee fedha kwa mkono wa mtoto, bali nendeni wenyewe na makuti, kamba na panga, mkapande pamoja na wanawe. Kisha mrudi kwenu mkale pamoja, baba akiwapo. Maana Fuller alianza kuwajengea watu nyumba siku ile alipotambua kwamba yake mwenyewe ilikuwa inaanguka.