Damu Isiyorudi: Kwa Nini Hadithi za Wanyonya Damu Hazichuji

Kwenye vibanda vya video vya Mugumu, Sirari na Nyamongo, mkoani Mara, filamu za kigeni zilizowekewa maelezo ya Kiswahili zina watazamaji wa kila siku. Nyingi ni za mapigano. Lakini filamu ya mnyonya damu, yule bwana mwenye meno marefu anayelala jenezani mchana na kutoka usiku, haikosi wateja mwaka hadi mwaka. Kijana wa Tarime hajawahi kuona ngome za mawe za Ulaya Mashariki, wala watu wake hawazikwi katika majeneza ya kifahari. Mbona basi anamwelewa mgeni huyu mara moja? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu amekwisha kumsikia kwa jina jingine. Hapa kwetu anaitwa mumiani.

Mnyonya damu wa vitabuni alizaliwa kutokana na maradhi. Mwanzoni mwa mwaka 1732, madaktari wa jeshi la Austria walitumwa kwenye kijiji kimoja cha Serbia ambako watu walikuwa wakifa mfululizo. Wanakijiji walishikilia kwamba wafu ndio wanaotoka makaburini kuwanyonya jamaa zao. Madaktari wakafukua makaburi, wakaandika walichokiona: maiti zilizonona, damu mdomoni, ngozi na kucha zinazofanana na za mtu hai. Leo sayansi inaeleza yote hayo. Gesi za kuoza huvimbisha mwili na kusukuma majimaji mekundu hadi mdomoni, na ngozi ya juu ikibambuka, ya chini huonekana mpya. Wakati ule maelezo hayo hayakuwapo. Ripoti ikachapishwa, ikasambaa Ulaya nzima, na waandishi wakaidaka.

Mwaka 1819 John Polidori, mwenyewe daktari, alimtoa mnyonya damu kaburini kijijini akamvisha mavazi ya bwana mkubwa wa mjini. Mwaka 1897 Bram Stoker, mtu wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi London, akatoa riwaya ya Dracula. Watu wengi wanaijua kwa filamu tu, na filamu zimeongeza mambo yao. Kwa mfano, mnyonya damu kuangamizwa na mwanga wa jua kulianza na filamu ya Kijerumani ya Nosferatu ya mwaka 1922. Katika riwaya ya Stoker, Dracula hutembea mitaa ya London mchana bila kuungua.

Kuna sehemu moja ya riwaya hiyo ambayo msomaji wa Kanda ya Ziwa anapaswa kuitazama kwa makini. Msichana Lucy ananyonywa usiku hadi usiku, anapauka, anakaribia kufa. Madaktari wanamwongezea damu. Wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, wanajitolea damu yao ipitishwe kwenye mishipa yake. Stoker aliandika hayo kabla ya makundi ya damu kugunduliwa na Karl Landsteiner, mwaka 1901, kwa hiyo hakuna anayeuliza kama damu hizo zinapatana. Kinachonivutia ni jinsi mwandishi alivyozigawa nafasi. Upande mmoja yupo anayechukua damu kwa siri ili aishi yeye. Upande wa pili yupo daktari mwenye mpira na sindano, anayeichukua kwa ridhaa ili mwingine aishi. Kwa msomaji wa London, daktari alikuwa shujaa.

Afrika Mashariki ya kikoloni iliisimulia hadithi hiyohiyo ikiwa imepinduliwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza zilienea habari kutoka pwani hadi maziwa makuu kwamba wapo watu wanaokamata wenzao usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa ya Wazungu. Wengine waliwaita mumiani, wengine wazimamoto, kwa sababu ya magari mekundu ya kikosi cha zimamoto. Masimulizi yalikuwa na vitu vya kushikika: gari lisilowasha taa, ndoo, mpira, shimo ambamo waliokamatwa hufungiwa na kukamuliwa kidogokidogo. Katika masimulizi hayo, mwenye mpira na sindano ndiye mnyonya damu mwenyewe, na wanaomkamatia watu ni Waafrika walioajiriwa, wenye sare na mshahara.

Mwanahistoria Luise White wa Marekani alikusanya masimulizi hayo kwa wazee wa Nairobi, Siaya na Kampala, akayatolea kitabu mwaka 2000. Hakuwacheka waliomsimulia, wala hakutumia kurasa zake kubishana nao kama mambo hayo yalitokea kweli. Alitaka kujua hadithi hizo ziliwawezesha watu kusema nini juu ya maisha yao chini ya serikali ambayo haikuwapa nafasi ya kusema. Naikubali njia hiyo, na historia ya Mara inaipa nguvu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 kaskazini mwa Ziwa Viktoria. Hofu ikashuka hadi upande wetu. Wajerumani wakaweka kituo cha kuchunguza na kutibu malale Shirati, ambayo leo iko Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Wakati huo mgonjwa alipapaswa tezi za shingo, akachomwa sindano na kutolewa majimaji, na dawa iliyotumiwa zaidi ilikuwa atoxyl, yenye sumu ya aseniki, ambayo iliwapofusha baadhi ya waliopewa. Miaka ya 1950, watafiti wa magonjwa waliokuwa na makao Mwanza walitafuta vimelea vya matende na mabusha. Vimelea hivyo hujitokeza kwenye damu ya mishipa ya ngozi usiku, kwa hiyo sharti damu ichukuliwe usiku. Jiweke katika nafasi ya mwanakijiji wa wakati ule. Mgeni wa serikali anabisha saa nne za usiku na taa mkononi, anamchoma mtoto wako kidole, anafuta damu kwenye kioo, anaondoka nayo. Hakuna anayerudi kukuambia imeonyesha nini. Hapo hadithi ya mumiani ina kila kiungo inachohitaji.

Mtu anaweza kudhani kwamba watu wa huku waliogopa damu yenyewe. Sivyo. Wakurya, kama Wamasai na wafugaji wengine wa ukanda huu, walikuwa wakimtoa ng'ombe damu na kuinywa. Kazi yenyewe ilihitaji mikono iliyozoea. Ng'ombe hushikwa pembe, kamba ikakazwa shingoni hadi mshipa usimame. Mpigaji husogea karibu na upinde wake na mshale ambao ncha yake imezuiwa isizame sana. Damu huruka, ikakingwa kwenye kibuyu, ikakorogwa kwa kijiti ili mabonge yatoke, kisha ikachanganywa na maziwa. Kamba ikilegezwa damu hukatika, jeraha likazibwa, na ng'ombe akarudi malishoni. Mambo yote hufanyika mchana, mbele ya watu, kwa kipimo ambacho mnyama anakimudu, na mwenye ng'ombe ndiye anayemlisha na kumlinda.

Tofauti kati ya mfugaji huyo na mumiani ndiyo siri ya hadithi nzima. Mfugaji anachukua na kurudisha, kwa malisho, maji na ulinzi. Mumiani anachukua gizani, hapimi, hana undugu na anayemkamua, na damu aliyoichukua hairudi nyumbani kwa namna yoyote. Ndiyo maana hadithi ya mnyonya damu hubadilisha nguo kila zama bila kuzeeka. Kila jamii ina mtu inayemshuku kwamba ananenepa kwa nguvu za wengine. Karl Marx alitumia mfano wa mnyonya damu mwaka 1867 kueleza jinsi mtaji unavyoishi kwa kazi za watu. Na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, chini ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huuhuu wa Mara, Watanzania walifundishwa kumtambua mnyonyaji kwa sura ya kupe na kuambiwa wamkatie mirija. Watu hawakuhitaji kufafanuliwa. Sura hiyo walikuwa nayo tangu zamani.

Ipo sababu ya pili, nayo inamhusu msomaji mwenyewe. Hadithi nzuri ya aina hii humfanya aitambue njaa ya mnyonya damu ndani yake. Mfano bora katika fasihi ya ukanda wetu ni hadithi ya Grace Ogot wa Kenya kuhusu mzee Tekayo, iliyomo kwenye mkusanyiko wake wa mwaka 1968, Land Without Thunder. Tai anamdondoshea mzee huyo kipande cha ini. Anakichoma, anakionja, utamu unamshika. Anaua mnyama huyu na yule akiutafuta utamu ule na kuukosa, mpaka siku anapoupata kwa wajukuu zake mwenyewe, walioachwa mikononi mwake awalee. Mzee huyu hana meno marefu wala jeneza. Ni babu wa watu, tena anayeheshimika. Tunamwogopa zaidi ya Dracula kwa sababu tamaa yake ilianza kwa kuonja tu, kama tamaa zote zinavyoanza.

Sababu ya tatu ni kanuni. Mnyonya damu wa hadithini ana masharti. Katika riwaya ya Stoker haingii nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mwenyeji amkaribishe, na vitunguu saumu humzuia. Hofu yenye masharti inavumilika, kwa kuwa msikilizaji anajua mlango ulipo. Kitabu kikifungwa au filamu ikiisha, anarudi nyumbani akiwa ameijaribu hofu yake pasipo kumdhuru yeyote.

Uvumi hauna mlango huo, na hapa ndipo ninapoomba tuwe makini. Mwaka 1959 uvumi wa mumiani ulizua ghasia Buguruni, Dar es Salaam. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa taasisi ya kilimo ya Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kwa kazi ya utafiti wa udongo. Mwaka uliofuata, uvumi wa namna hiyo uliua watu kadhaa kusini mwa Malawi, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Hadithi huweka uovu katika mtu wa kubuni ili tuuchunguze. Uvumi huuweka katika mgeni aliye hai, mwenye jina na familia, kisha humhukumu usiku huohuo bila shahidi.

Dawa ya uvumi haipatikani kwa kuwaita watu wajinga. Anayekwenda kuchukua damu kijijini, iwe ni kwa malaria, malale au Ukimwi, aeleze mapema mbele ya mkutano wa kijiji anachukua kiasi gani na kwa ajili gani, kisha arudi na majibu. Kurudi ndiko kunakomtenganisha na mumiani. Hata mchango wa damu salama utaongezeka pale mchangiaji atakapomwona mama aliyejifungua salama kwa chupa ya damu iliyotoka kijijini kwake.

Kwa waandishi wetu ombi langu ni moja. Mwongozaji wa filamu Mussa Banzi alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta, kwamba kitisho cha nyumbani kina watazamaji. Riwaya kubwa ya mumiani wa Kanda ya Ziwa bado tunaihitaji, yenye Shirati ya Wajerumani, taa ya mtafiti usiku na mbung'o wa Serengeti. Wazee waliosikia masimulizi hayo kwa wazazi wao bado wapo Tarime, Rorya na Serengeti. Walimu wa fasihi, wapeni wanafunzi daftari wawaendee wazee hao likizo hii, kabla masimulizi hayajazikwa nao.