Unywaji pombe: Kwa nini takwimu hazilioni kopo la wanzuki

Na Mwandishi Wetu

KILA zinapotangazwa takwimu za unywaji wa pombe nchini, wapo wasomaji wanaouliza hesabu hiyo imepatikanaje, ilhali hakuna mtu aliyewahi kubisha hodi nyumbani kwao. Swali hilo ni la haki. Pahala pazuri pa kulitafutia jibu ni kata kama Chemchem, katika Manispaa ya Tabora, mji ambao bia ya kiwandani, wanzuki ya asali, kangara na gongo vyote vina wanywaji wake, na ambao pia umekuwa na Waislamu wengi tangu enzi za misafara.

Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika habari za pombe ya Wanyamwezi. Lakini macho ya msafiri si kipimo.

Njia ya kwanza ya kupima ni kuhesabu mauzo: bia na pombe kali zilizolipiwa ushuru hugawanywa kwa idadi ya watu wazima. Njia hii ni rahisi, ila gongo haina stempu ya kodi, na wanzuki inayopikwa uani haipiti kiwandani. Pombe ya viroba ilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, mauzo yake yalifutika katika vitabu. Vitabu hivyo haviwezi kutueleza kama mnywaji aliacha au alihamia kwenye gongo.

Kwa sababu hiyo watafiti huenda kwenye kaya. Nchi imekwisha kugawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu wakati wa sensa. Baadhi ya maeneo hayo huchaguliwa kwa bahati nasibu, kisha kaya chache ndani yake, kisha mtu mmoja katika kila kaya. Bahati nasibu hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mdadisi akimhoji yeyote anayemkuta nyumbani saa nne asubuhi, atajaza fomu za kina mama na wazee, wakati mnywaji yuko kazini au kilabuni. Hana budi kurudi jioni, hata mara tatu.

Utafiti wa mwaka 2012 wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), uliofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uitwao STEPS, uliwahoji watu wa miaka 25 hadi 64. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 hakuulizwa neno.

Katika utaratibu huo mhojiwa huulizwa kama amekunywa katika miezi 12 iliyopita, kisha siku 30, kisha kila siku ya wiki iliyopita, huku akionyeshwa picha za vinywaji. Kipimo kimoja ni gramu 10 za kileo halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20, yaani vipimo viwili.

Hapo ndipo kopo linapoponyoka. Tuchukulie wazee wanne wamezunguka ndoo ya lita nne za kangara yenye nguvu kama ya bia. Kila mmoja amekunywa lita moja, karibu gramu 40, sawa na vipimo vinne. Akiulizwa, atajibu kwa ukweli kabisa: "Nimekunywa kopo moja." Fomu isiyouliza ukubwa wa kopo itaandika moja. Tena nguvu ya kangara haikuandikwa popote. Hutegemea mpishi na siku zilizopita tangu iive.

Lipo pia suala la hofu na haya. Kupika gongo ni kosa kisheria, na mama anayesomesha watoto kwa biashara hiyo hawezi kumwamini mgeni mwenye kalamu aliyeletwa na mwenyekiti wa mtaa. Katika nchi nyingi, unywaji unaotajwa kwenye mahojiano hufikia asilimia 40 hadi 60 tu ya pombe iliyouzwa.

Dodoso la AUDIT, lililotungwa na WHO miaka ya 1980 na kujaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwamo, lina maswali 10 na alama hadi 40. Anayefikia 8 huhesabiwa kuwa hatarini. Nalo pia hutegemea ulimi wa mhojiwa. Huko Mbarara, Uganda, watafiti waliwapima wagonjwa wa VVU kemikali ya fosfatidilethanoli, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya kunywa, na wakabaini kuwa baadhi ya waliokana walikuwa wamekunywa. Kupima damu ya maelfu ya kaya, hata hivyo, ni gharama kubwa.

Kwa maoni ya mwandishi, nafuu ya haraka ni kubeba makopo yenyewe ya mtaa husika badala ya picha, kuuliza wangapi walishiriki ndoo, na kumwacha mhojiwa ajibu faraghani. Tarehe nayo isisahaulike: mdadisi anayefika Tabora mwishoni mwa Ramadhani, na yule anayefika wakulima wa tumbaku wakiwa wamekwisha kulipwa, watauliza habari za siku 30 zilizopita na kuondoka na majibu tofauti, hata kama wamebisha hodi kwenye nyumba zilezile.