Je, Wajua? Mpira Huisha Upepo Bila Pancha

Mpira uliojazwa jana na leo umelegea si lazima uwe na pancha. Mara nyingi upepo hutorokea kwenye vali, kile kitundu cha kuingizia sindano ya pampu.

Kinachoiharibu ni sindano kavu. Huchubua raba ya ndani, na kitundu hakifumbi tena sawasawa. Tone la gliserini, ile ya kujipaka mwilini, linatosha kuilainisha. Hata mate yanafaa. Mafuta ya mgando hapana, huozesha raba.

Kuukamata uvujaji, paka povu la sabuni juu ya vali, kisha tulia. Kiputo kimoja kikichomoza na kuvimba polepole kama jicho la kinyonga, mwizi ndiye huyo. Dondosha gliserini hapo, ingiza sindano na kuitoa mara kadhaa, ujaze upya.

Wakati mwingine chanzo si vali: tyubu ya ndani ya raba asilia hupoteza upepo upesi kuliko ya raba ya butili, hata ikiwa nzima kabisa.

Ukijaza, usipitilize: sheria za soka zinataka shinikizo la atmosfia 0.6 hadi 1.1 tu.