Dharau Inapoingia Kwenye Jalada

Riwaya nyingi za upelelezi zenye askari wa kike hupita njia moja. Wanaume kikosini wanamdharau, anavumilia, anamkamata muuaji, wanaume wananyamaza. Msomaji anafunga kitabu ameridhika, kana kwamba dharau ile ilikuwa mvua tu iliyomlowesha njiani. The Trespasser, riwaya ya sita ya Tana French iliyotoka mwaka 2016, inatunyima faraja hiyo. Inauliza jambo zito zaidi: mtu anayenyanyaswa kazini kila siku huona nini anapoutazama ushahidi?

Mpelelezi mwenyewe ni Antoinette Conway, wa kikosi cha upelelezi wa mauaji ambacho French amekibuni na kukipa ofisi katika Dublin Castle. Ni mwanamke pekee humo. Hamjui baba yake, na rangi ya ngozi yake huwafanya watu wamuulize ametoka wapi, ilhali Dublin ndiko kwao. Maelezo ya mashahidi hutoweka mezani pake. Mwandishi wa habari za uhalifu hutokea eneo la tukio mapema mno, dalili kwamba kuna mtu wa ndani anayemdokezea. Conway na mwenzake, Stephen Moran, hupangiwa zamu za usiku na kesi ambazo wakongwe hawazitaki.

Zamu mojawapo inapokaribia kuisha, wanapewa kesi nyingine ya namna hiyo. Aislinn Murray, msichana aliyejipamba vizuri, amekutwa amekufa sebuleni kwake mtaa wa Stoneybatter, kichwa chake kikiwa penye meko. Meza imeandaliwa watu wawili. Mgeni aliyetarajiwa ni Rory Fallon, mwenye duka la vitabu, mpole na mwoga, na lawama zinamwangukia yeye kwa urahisi. Breslin, mpelelezi mzoefu aliyeongezwa kwenye kesi, anashinikiza akamatwe upesi. Lakini kuna jambo dogo linalomkera Conway. Mwanamume asiyejitambulisha ndiye aliyetoa taarifa, na alipiga simu moja kwa moja kituo cha polisi cha mtaa badala ya namba ya dharura, ambako sauti hurekodiwa. Raia wa kawaida akipatwa na hofu hafikirii hivyo.

Kuanzia hapo kitabu kinakuwa na uchunguzi wa aina mbili, wa kifo cha Aislinn na wa nia za wenzake Conway, na hapa ndipo uhodari wa French ulipo. Conway anasimulia mwenyewe, kwa wakati uliopo, kwa hiyo tumefungiwa kichwani mwake. Kwa nini Breslin ana haraka? Conway ana jibu tayari: wanataka kumharibia. Mlango ukifungwa, ni ushahidi. Mtu akitabasamu, ni ushahidi. Akinyamaza, ni ushahidi zaidi. Unafika wakati anaanza kumshuku hata Moran, mtu pekee anayemwamini. Nasi tunamfuata, maana unyanyasaji tumeuona kwa macho yetu na si wa kuwaza. Kwa sababu ni wa kweli, Conway hawezi tena kutofautisha jicho baya na jicho la kawaida. Waliomchokoza hawakumnyang'anya amani peke yake. Walimharibia kipimo anachofanyia kazi.

French anamsogeza Conway karibu na marehemu kwa njia ya uchungu. Baba yake Aislinn alitoweka binti akiwa mdogo, na binti huyo akayajenga maisha yake juu ya hadithi aliyojitungia kumhusu. Conway, ambaye mama yake alimpa hadithi tofauti tofauti kuhusu baba yake, aliamua kutotaka kujua lolote, na humwona Aislinn kuwa dhaifu. Taratibu tunagundua kwamba naye anaishi ndani ya hadithi: ile ambamo dunia nzima iko dhidi yake. Ni hatari ya pekee kwa mtu wa kazi hiyo, maana katika chumba cha mahojiano mpelelezi hufanya kazi kwa hadithi. Humtengenezea mtuhumiwa simulizi ambamo ataweza kuingia, kisha humfungia humo. Kurasa nyingi zinatumika kwenye mahojiano hayo, na anayetaka mbio na risasi atachoka. Mimi nazitetea kurasa hizo. Humo ndimo tunamoona jinsi dhana iliyoingia mapema inavyoamua swali lipi lisiulizwe.

Ayalandi yenyewe, nchi ambamo riwaya hii inatokea, iliwapokea wanawake 12 wa kwanza katika jeshi la polisi mwaka 1959, na mwaka 2014 Nóirín O'Sullivan akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza. Riwaya ilitoka yeye akiwa bado madarakani, lakini kikosi cha Conway kinatukumbusha kwamba kiti cha juu hakisafishi vyumba vya chini. Mpelelezi Jane Tennison wa mwandishi Lynda La Plante, katika tamthilia ya Prime Suspect ya mwaka 1991, alipigania kupewa kesi. Miaka 25 baadaye Conway kesi anayo, ila anaifanyia kazi huku akilinda mgongo wake.

Sisi tuliokua tukisoma visa vya Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla na Willy Gamba wa Musiba tumezoea mpelelezi ambaye akili yake haiguswi na ofisi anayotoka. Conway anaguswa, na ndiyo maana anaaminika kuliko mashujaa wasiotikisika. Tumezoea pia kudai heshima kwa askari wa kike kama haki yao, na ni haki yao kweli. French anaongeza sababu ya pili isiyosemwa vya kutosha: Aislinn aliyekufa ana haki, na Fallon anayeweza kufungwa bure ana haki, ya kuchunguziwa kesi na mtu ambaye nusu ya akili yake haijaliwa na wenzake. Ofisi inayomdhalilisha mpelelezi wake inawadhulumu watu ambao hata hawamjui.