Kumchagua Fundi wa Violezo: Kosa la Karatasi Hulipiwa Kwenye Cherehani

Katika ukurasa wetu wa nchi jirani leo tunaitazama Rwanda, na hasa kazi moja ambayo mnunuzi wa nguo haioni: kazi ya fundi wa violezo. Huyu ndiye anayechora na kukata vile vipande vya karatasi ngumu ambavyo kitambaa hukatwa kwa kuvifuata. Si mbunifu anayebuni sura ya nguo, wala si mkataji anayekata marundo ya kitambaa. Yeye yuko kati yao. Huuchukua mchoro wa mbunifu na kuugeuza kuwa mgongo, kifua, mkono na kola, kila kimoja kwa kipimo chake.

Kwa nini Rwanda? Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua. Wengine walilegea baadaye, lakini Rwanda ilishikilia. Mwaka huo huo ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Julai 2018 Marekani ilijibu kwa kusimamisha nafuu ya ushuru ambayo mavazi ya Rwanda yalikuwa yakipata chini ya mpango wa AGOA. Basi ilibidi washonaji waliangalie zaidi soko la nyumbani, na majina mapya ya mavazi yakachipuka Kigali chini ya kampeni ya Made in Rwanda.

Jina jipya lina mshindani mkali. Shati la mtumba, hata likichakaa, lilikatwa kwa kiolezo kilichojaribiwa kiwandani mara nyingi. Mnunuzi akivaa shati jipya likambana kwapani, hatasema kiolezo kina kosa. Atasema nguo za hapa kwetu hazifai. Hapo wanaokosa kazi si wenye jina peke yao, bali na washonaji pia.

KOSA DOGO, HASARA KUBWA

Tuchukue mfano wa shati. Mzunguko wa kifua hugawanywa robo nne. Kila robo ikipungua nusu sentimita, shati zima limepungua sentimita 2. Kadhalika mkono ukichorwa mpana kupita kiasi kuliko tundu linaloupokea, mshonaji hana budi kuukunja kwa nguvu au kufumua na kuanza upya. Anayelipwa kwa idadi ya nguo hupoteza malipo yake kwa kosa asilolitenda, na juu ya hayo huambiwa hajui kazi.

Mwenye mali naye haponi. Tuseme shati moja linahitaji kitambaa cha mita 1.5, lakini violezo vilivyochorwa vibaya vinakula mita 1.6. Katika mashati 500 zimepotea mita 50.

MAMBO MATANO YA KUMPIMIA

Kwanza, mwambieni mnataka kushona nini. Hodari wa suti za kiume huenda asiwe hodari wa magauni ya vitenge. Kitenge hakivutiki, hivyo kiolezo lazima kiache nafasi ya mtu kupumua na kuketi. Aghalabu huuzwa kwa vipande vya yadi 6, yaani karibu mita 5.5, na maua yake mengi ni makubwa. Fundi awe anajua kupanga vipande ili maua yasimame wima na yakutane vizuri penye vifungo, bila kula kitambaa chote kwa vazi moja.

Pili, mpeni kazi ya majaribio, na mumlipe. Achukue vipimo vya mtu halisi miongoni mwa wateja mnaowalenga, achore, kisha nguo ya kwanza ikatwe kwa merikani au kitambaa kingine cha bei nafuu. Anayevaa ainue mikono, aketi, ainame. Kitambaa kikivuta mgongoni, tazameni fundi anafanya nini. Mwenye ujuzi hurudi kwenye karatasi na kuirekebisha. Asiye na ujuzi humwambia mshonaji avute kidogo.

Tatu, kagueni karatasi zenyewe. Kila kipande kiandikwe jina la nguo, saizi, idadi ya vipande vya kukatwa, na mshale wa kuonyesha mkondo wa nyuzi za kitambaa. Suruali ikikatwa nje ya mkondo huo, mguu wake hujisokota. Pawe na alama za kukutanisha mkono na bega. Upana wa mshono utajwe, kwa mfano sentimita 1. Halafu pimeni kingo mbili za ubavuni zinazoshonwa pamoja, mwone kama urefu wake unalingana.

Nne, mwulizeni anavyokuza saizi. Si kuongeza kila upande sawasawa. Tofauti ya kifua kati ya saizi mbili ikiwa sentimita 4, kila robo huongezeka sentimita 1. Lakini bega huongezeka kidogo tu, maana mtu akinenepa mabega yake hayatanuki kwa kiasi hicho. Mwulizeni pia kama hufua kitambaa kabla ya kupima. Sentimita 100 zikisinyaa na kubaki 97, lazima kiolezo kifidie upungufu huo.

Tano, na hili husahauliwa mno, waiteni washonaji. Mshonaji wa kila siku ashone sampuli kwa violezo vya kila mwombaji, kisha aseme ni wapi alipokwama. Sampuli aliyoishona fundi mwenyewe haitoshi, kwa kuwa anayajua makosa yake na anaweza kuyaficha kwa mkono wake.

Siku hizi wapo wanaochora kwa kompyuta. Hiyo huokoa muda, hasa katika kukuza saizi. Lakini nguo itokayo humo nayo ivaliwe na ijaribiwe vile vile.

MAPATANO YAANDIKWE

Fundi wa violezo ni mfanyakazi kama sisi, na ana haki ya mkataba. Yaandikwe malipo yake, idadi ya saizi, masahihisho mangapi yamo ndani ya bei, na violezo vitakuwa mali ya nani kazi ikiisha. Ushirika usipolitaja hilo la mwisho, fundi akiondoka na karatasi zake biashara itasimama. Naye fundi asipotaja idadi ya saizi, atajikuta amechora tano kwa bei ya moja. Kiolezo kikirekebishwa, tarehe iandikwe na cha zamani kiondolewe mezani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu zetu wa mashamba ya chai na kahawa ambao vikundi vyenu vinaweka akiba ya kununua vyerehani, tengeni fungu la fundi huyu tangu mwanzo. Nanyi wa viwandani, matawi ya chama yadai jambo moja: nguo zikirudishwa kwa kutolingana na vipimo, kiolezo kipimwe kwanza, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, kabla ya mshonaji yeyote kukatwa hata senti moja.